Kuhamia Ujerumani bila kazi na bila lugha: naomba mawazo kabla sijauza kiwanja

Ujumbe wa 1. Mkazi wa Tabata

Wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 33, nimeoa, tuna mtoto mmoja. Nina shahada ya kwanza ya uhasibu, na kwa zaidi ya miaka mitano nimekuwa mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam. Mshahara unalipa kodi ya nyumba, chakula na ada ya mtoto, kisha unaisha, na kila ninapopiga hesabu ya miaka kumi ijayo sioni mahali ambapo picha hiyo inabadilika.

Rafiki niliyesoma naye chuoni yuko Hamburg. Ananishauri niende kwanza, kwa maelezo kwamba kazi hutafutwa ukiwa kule kule na lugha hufuata yenyewe. Kijerumani changu hakizidi salamu. Nina kiwanja Chanika ambacho nikikiuza kinaweza kunisafirisha na kunikimu kwa muda. Naomba kusikia kutoka kwa waliowahi kuondoka bila kazi na bila lugha, na pia kutoka kwa waliofikiria wakaamua kubaki. Ni jambo gani hasa lililoamua?

Ujumbe wa 2. Bandari Salama

Nenda. Mjomba wangu alizamia meli katika bandari yetu miaka ya tisini akashukia Piraeus, Ugiriki, bila karatasi, bila senti na bila neno moja la Kigiriki. Alikijifunza gatini kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha nyingine, na aliporudi alijenga nyumba Mbagala ambayo watoto wake wanaishi hadi leo. Ninyi wa siku hizi mna intaneti, mna ramani mkononi, mna rafiki wa kukupokea uwanja wa ndege, na bado mnaogopa. Mtu akiwa na shida ya kweli anajifunza lugha kwa miezi michache.

Ujumbe wa 3. Binti Upanga

Kabla ya lugha na kabla ya kazi kuna swali ambalo mleta mada hakuligusa: anaingia kwa kibali gani? Viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, inakupa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180, haikuruhusu kufanya kazi, na kwa Ujerumani kanuni ya kawaida ni kwamba huwezi kuibadilisha kuwa kibali cha ukaazi ukiwa ndani. Unarudi kwenu na kuomba upya. Rafiki anayekwambia "njoo kwanza" aulizwe ana maana gani, kwa sababu kwa njia hiyo utatumia miezi mitatu kupeleka barua za maombi mahali ambapo hakuna mwajiri anayeruhusiwa kukuajiri.

Njia halali ya kwenda kutafuta kazi ipo. Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani ina kadi ya fursa, inayojulikana kwa jina la Chancenkarte, ambayo inampa mtu hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa huko. Soma masharti yake kabla ya kumtafuta dalali wa kiwanja.

Ujumbe wa 4. Mkazi wa Tabata

Ahsante, dada. Nimeisikia kadi hiyo. Nilichoelewa ni kwamba ninatakiwa kuwa na yuro 11,904 benki, na kwamba bila Kijerumani siwezi kuipata. Je, ni kweli?

Ujumbe wa 5. Hesabu Kwanza

Yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Hiyo 11,904 ni ya wanafunzi, yaani yuro 992 kwa mwezi. Kwa kadi ya fursa kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi, ambayo kwa miezi kumi na miwili inakuwa yuro 13,092, na kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 35. Fedha hiyo si ada. Ni ya kwako, inawekwa kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, nawe unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi mmoja kila mwezi. Mtu anayeishi huko na mwenye kipato cha kutosha anaweza pia kukudhamini kwa maandishi mbele ya mamlaka, ila akifanya hivyo anabeba deni lako kisheria, kwa hiyo usimwombe rafiki jambo hilo kwa ujumbe wa simu.

Kuhusu lugha, sharti la msingi ni Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2 (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, kisha A2, B1, B2, C1 hadi C2), ukiongeza shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Baada ya hapo unatakiwa kukusanya alama 6. Umri usiozidi miaka 35 una alama 2. Uzoefu wa miaka mitano katika fani yako, ndani ya miaka saba iliyopita, una alama 3. Hapo umefika 5. Alama ya sita unaweza kuipata kwa Kijerumani cha A2 au kwa Kiingereza cha C1.

Maana yake ni kwamba sheria inaweza kukuruhusu kuingia bila Kijerumani kabisa. Angalia tu kwamba una miaka 33. Ukivuka 35 alama ya umri inashuka kutoka 2 kuwa 1, na hiyo ndiyo tarehe inayokuhusu kuliko maneno ya rafiki yako.

Ujumbe wa 6. Dada wa Leipzig

Nimeishi huku miaka kadhaa na ninaomba niandike kwa kirefu, kwa sababu kuruhusiwa kuingia ni jambo moja na kuishi ni jambo jingine.

Ukifika, unatakiwa kuandikisha makazi yako kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Kuandikisha kunahitaji karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi kwake. Namba ya kodi inatumwa kwa posta kwenye anwani hiyo, na bila namba ya kodi mwajiri anakukata kodi ya kiwango cha juu. Mwenye nyumba naye, kabla ya kukupa chumba, anataka kuona hati ya mshahara. Mtu asiye na kazi anazunguka ndani ya duara hilo, na kila kona ya duara ina barua ya Kijerumani. Ofisi huku zinaandika barua. Barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na kutoielewa hakukuondolei wajibu wa kuijibu. Nimewaona watu wenye shahada wakimlipa jirani awasomee barua za bima ya afya.

Sasa nije kwenye fani yako, kaka. Mhasibu huku anafanya kazi na sheria za kodi za Ujerumani, na ofisi nyingi za washauri wa kodi zinatumia mfumo unaoitwa DATEV ambao umejengwa juu ya sheria hizo hizo. Hakuna namna ya kuukwepa Kijerumani ndani yake. Zipo kampuni kubwa, hasa Berlin na Frankfurt, ambazo idara zao za fedha zinafanya kazi kwa Kiingereza, lakini nafasi moja inaombwa na Mhindi, Mbrazili na Mpolandi aliyekwisha kukaa Ulaya, na wewe unaomba ukiwa na kadi ya mwaka mmoja ambayo mwezi wa nane inaanza kukunyima usingizi.

Kadi inakuruhusu kufanya kazi za muda zisizozidi saa 20 kwa wiki, na wengi huishia maghala ya mizigo, yaani kubeba boksi kwa maana halisi ya neno. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Ukipiga hesabu, kwa kiwango hicho ulipata kama yuro 1,110 kwa mwezi kabla ya makato. Unaishi, lakini hujifunzi Kijerumani kule, kwa sababu unaosimama nao kwenye mkanda wa mizigo ni Waromania, Wasyria na Waafrika wenzako, na lugha ya ghala inakuwa Kiingereza kilichovunjika na ishara za mikono.

Simwambii asije. Ninasema kukosa kazi peke yake kunavumilika, na kukosa lugha peke yake kunavumilika, ila ukikosa vyote viwili kwa pamoja kila kimoja kinakuzuia kukipata kingine.

Ujumbe wa 7. Fundi wa Gerezani

Naheshimu maelezo ya dada, lakini nadhani tatizo ni fani. Uhasibu unakaa ndani ya maneno. Sisi mafundi wa kuchomelea tunapoombwa kazi Uarabuni tunapewa vipande viwili vya bomba na mashine, unachomelea, mkaguzi anaangalia mshono, basi. Vijana niliowafundisha kazi hapa Gerezani wamekwenda Dubai na Muscat bila Kiarabu, na wanatuma fedha nyumbani. Ningekuwa mleta mada ningekwenda VETA Chang'ombe nikajifunza ufundi kwanza, ndipo nifikirie ndege.

Tena Oman hata lugha si mtihani. Muscat unaweza kufanya manunuzi kwa Kiswahili siku nzima, kwa sababu familia nyingi zilitoka Zanzibar baada ya 1964, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita wenye asili ya huko warudi kujenga nchi.

Ujumbe wa 8. Mama Kigamboni

Mwanangu Fundi, historia yako ni sahihi, lakini hitimisho lako linaniumiza. Binti wa dada yangu alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, na nyumba aliyopelekwa walizungumza Kiswahili kizuri kuliko cha kwetu. Pasipoti yake ilichukuliwa siku aliyofika. Alielewa kila neno alilotukanwa, na kuelewa huko hakukumsaidia kitu. Alipotaka kuondoka aliambiwa alipe kwanza gharama za wakala, na mkataba aliosaini Dar es Salaam haukuwa ule alioonyeshwa kule. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, kwa hiyo hata pa kushtaki palikuwa finyu.

Ndiyo maana ninaposoma humu watu wakisema lugha ndiyo kila kitu, ninakataa. Kinachomlinda mtu ni karatasi aliyosaini na ofisi inayoweza kuisimamia. Mleta mada, lugha unaweza kuikosa ukasaidiwa. Mkataba ukiukosa hutapata wa kukusaidia.

Ujumbe wa 9. Hesabu Kwanza

Pole sana, mama, na ahsante kwa kulisema wazi.

Fundi wa Gerezani, ndugu yangu, kila uzi wa safari unaufikisha Muscat, na huu nao umefika kabla ya ujumbe wa kumi! Turudi Ujerumani. Mtihani wa mshono upo huko pia, lakini kabla yake kuna utaratibu wa kutambua vyeti. Mamlaka zao hulinganisha mafunzo yako na mafunzo yao, somo kwa somo, na mafunzo ya ufundi kwao kwa kawaida ni miaka mitatu hadi mitatu na nusu, sehemu darasani na sehemu kazini. Aliyejifunza gereji kwa mikono bila cheti kinachotambuliwa anaweza kuwa hodari kuliko wao wote na bado akakosa pa kuanzia.

Ujumbe wa 10. Muuguzi wa Zamu

Mimi niko upande wa pili wa swali, maana nimefikiria kuondoka na bado nipo. Ni muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwa fani yangu Ujerumani haifichi masharti: bila Kijerumani hupewi wodi. Kwa kawaida utambuzi kamili wa uuguzi unahitaji ngazi ya B2, kwa sababu mgonjwa anayesema "hapa panachoma" na anayesema "hapa panabana" ni wagonjwa wawili tofauti.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo zina upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Nchi tajiri zinashauriwa zisije kuajiri kwetu kwa makundi. Orodha hiyo haimzuii muuguzi mmoja mmoja kuomba mwenyewe, lakini inaeleza kwa nini anayejitangaza kuwa na nafasi mia moja za wauguzi wa Tanzania anastahili kuulizwa maswali mengi.

Nilichoamua ni kujifunza hapa hapa. Ninasoma jioni nikiwa na mshahara, ninalala kitandani kwangu, na nikishindwa mtihani nimepoteza ada tu. Kujifunza lugha ile ile nikiwa Berlin kungenigharimu yuro 1,091 kila mwezi kabla sijafungua kitabu.

Ujumbe wa 11. Mwalimu wa Jioni

Ninafundisha watu wazima lugha za kigeni, na ninaona Bandari Salama na Muuguzi wa Zamu wote wanasema kweli juu ya wanafunzi tofauti.

Kutoka sifuri hadi B1 ni mamia ya saa za masomo. Akili si kikwazo kwa mtu aliyemaliza chuo kikuu. Kikwazo ni saa zenyewe. Mwanafunzi wangu anayetoka kazini Posta saa kumi na moja, akae darasani, kisha apande daladala ya Tabata wakati foleni ya Barabara ya Mandela imeshikana, anafika nyumbani mtoto amelala. Anafanya hivyo kwa miezi mitatu, anafaulu A1, kisha anapotea. Simlaumu. Kwa mtu wa namna hiyo Ujerumani kweli ingekuwa darasa bora, iwapo tu kule angezungumza na Wajerumani.

Hapo ndipo mjomba wa Piraeus anapotufundisha jambo. Alikijua Kigiriki kwa sababu hakuwa na Mswahili wa kumkimbilia. Leo rafiki wa Hamburg atakupokea kwa ugali, atakuunganisha na kundi la Watanzania la simu, na jioni mtatazama mechi ya Simba na Yanga mtandaoni. Upendo huo utakuokoa upweke, na utakuchelewesha lugha.

Ujumbe wa 12. Dada wa Leipzig

Mwalimu amesema kweli tupu. Kijerumani changu nilikipata katika mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, maana wazee wana muda, wanarudia hadithi zao, na hawajali ukikosea. Nilifika na A2 ya Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani iliyoko Upanga, na wiki za kwanza sikuelewa lolote kwa sababu walizungumza lahaja ya Saxony ambayo hakuna darasa lililoniandaa nayo. Kwa bahati mbaya nafasi hizo za kujitolea kwa kawaida ni za vijana wasiozidi miaka 26, hivyo mleta mada njia hii imempita.

Ujumbe wa 13. Niko Kigali

Kwa nini lazima iwe Ulaya? Mimi niliondoka Dar es Salaam bila kazi nikaja Kigali kwa basi. Kiswahili ni lugha rasmi hapa tangu 2017, Kiingereza kinatumika ofisini, na chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki mtu wa nchi mwanachama anafanya kazi popote. Ukishindwa, nauli ya kurudi si kiwanja cha Chanika. Kuna hata wenzetu walioko Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, na Kongo imeingia Jumuiya tangu 2022.

Ujumbe wa 14. Binti Upanga

Nakubaliana na wazo, nisahihishe sheria. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, haisemi kwamba mtu anafanya kazi popote. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi inazozifungua na bado inatoa vibali vyake yenyewe. Rwanda imekuwa wepesi kuliko wengine, na ndiyo maana uzoefu wako ni mzuri. Mtu akiufuata ushauri wako kwenda nchi nyingine ya Jumuiya akidhani masharti ni yale yale, atakwama mpakani au ofisi ya kazi.

Ujumbe wa 15. Bandari Salama

Nimesoma yote, na ninaona mnamfunga mtu kwa karatasi. Waliojiandaa sana nawafahamu. Wana vyeti vya lugha kwenye bahasha na bado wapo ofisi ile ile. Kuna kitu kinaitwa kuthubutu ambacho hakina alama kwenye jedwali lenu. Mjomba wangu asingepata hata alama mbili, na alifika.

Ujumbe wa 16. Mama Kigamboni

Mwanangu Bandari, mjomba wako alizamia na wenzake wangapi, na hao wengine wako wapi?

Ujumbe wa 17. Bandari Salama

Walikuwa wanne, mama. Mmoja alirudishwa kutoka Durban. Wawili hatukuwasikia tena, na bibi yao hapa Mbagala alikufa akiwa bado anawauliza kwa kila baharia aliyepita. Bado nasema mleta mada aende, kwa sababu yeye ana ndege, pasipoti na mahali pa kufikia. Ila umeuliza, na nimejibu.

Ujumbe wa 18. Mama Kigamboni

Mungu awarehemu. Nimuulize na mleta mada: tumefika ujumbe wa kumi na nane na mkeo ametajwa mara moja tu. Yeye anasemaje, na anafanya kazi gani?

Ujumbe wa 19. Mkazi wa Tabata

Nawashukuru nyote, nimesoma kila neno. Mke wangu ana stashahada ya uuguzi na leseni, yuko kazini mwaka wa nne sasa. Hajapinga safari. Tulikubaliana mimi nitangulie nijipange, kisha wao wafuate. Alisoma Kijerumani kidogo kabla hatujaoana, nadhani alimaliza A1.

Ujumbe wa 20. Muuguzi wa Zamu

Ndugu, hilo ulipaswa kuliandika kwenye ujumbe wa kwanza! Katika nyumba yenu anayehitajika Ujerumani ni mkeo. Tangu Machi 2024 kuna utaratibu ambao mwenye mafunzo yanayotambuliwa nyumbani kwake, mkataba wa kazi na Kijerumani cha A2 anaweza kwenda na kukamilisha utambuzi wa cheti chake akiwa kule, huku akilipwa. Yeye anakaribia A2 kuliko wewe unavyokaribia ofisi ya DATEV. Angekwenda akiwa na mkataba mkononi, jambo ambalo Mama Kigamboni amelisisitiza, na kiwanja kingebaki Chanika.

Ujumbe wa 21. Bandari Salama

Na mwanaume afuate nyuma? Akae nyumbani Ujerumani alee mtoto, asubiri fedha za mke? Ndoa ngapi zitahimili hilo?

Ujumbe wa 22. Dada wa Leipzig

Kaka, kwa mpango wa awali mke ndiye angebaki Tabata na mtoto, akisubiri fedha za mume aliye ghalani. Hukuuliza ndoa ingehimili vipi hilo.

Kisheria, mwenzi wa mtaalamu mwenye kibali cha kazi akipata ukaazi wa kifamilia anaruhusiwa kufanya kazi yoyote, bila kikomo cha saa 20. Kutegemea aina ya kibali cha mke, anaweza kutakiwa kuonyesha A1 kabla ya kuondoka, na familia ionyeshe nyumba ya kutosha na kipato. Kwa hiyo huyu mhasibu angefika akiwa na lugha kidogo, na nyumba ambayo ina mshahara tayari. Angekuwa na muda wa kusoma Kijerumani kwa utulivu hadi arudi kwenye fani yake.

Ujumbe wa 23. Hesabu Kwanza

Tusilirahisishe sana. Wakati muuguzi anasubiri utambuzi kamili hulipwa kama msaidizi, na kwa mshahara huo kuonyesha kipato cha watu watatu na nyumba yao si jambo jepesi katika miji kama Munich au Hamburg. Familia inaweza kutengana kwa mwaka au zaidi, na katika kipindi hicho mleta mada anahitaji mshahara wake wa bandarini. Asije akaacha kazi kwa furaha ya uzi huu. Na mtumishi wa umma, kama mkeo ni wa serikali, aulize mapema kuhusu likizo bila malipo.

Jambo la uraia nalo liwe wazi tangu mwanzo. Ujerumani iliruhusu uraia wa nchi mbili mwezi Juni 2024. Sisi hapa bado hatuuruhusu kwa mtu mzima, na kwa kanuni ya kawaida asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kiwanja cha Chanika kinaweza kurudi mezani baada ya miaka mingi kwa sababu nyingine kabisa.

Ujumbe wa 24. Mwalimu wa Jioni

Ningeongeza kwamba mume na mke wakisoma lugha moja kwa wakati mmoja, wanamaliza. Wanaopotea darasani kwangu ni wale ambao nyumbani hakuna wa kumjibu.

Ujumbe wa 25. Mkazi wa Tabata

Nimemsomea mke wangu kuanzia ujumbe wa 18. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa nini swali la kwanza nililileta humu kabla ya kumuuliza yeye anataka nini. Anasema hajui kama anataka kuacha wodi yake, ambako zamu ya usiku wanakuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya thelathini, na akiondoka atabaki mmoja. Anasema pia kwamba amechoka kuwa mmoja wa hao wawili. Tangazo la kiwanja nimeliondoa kwa sasa. Wiki ijayo tutakwenda wote Upanga kuuliza ratiba ya madarasa.

Ujumbe wa 26. Muuguzi wa Zamu

Mpe salamu zangu, namuelewa sana. Atakapokuwa tayari, aende chuoni kwake aombe maelezo ya masomo yanayoonyesha idadi ya saa za nadharia na saa za vitendo kwa kila somo. Mamlaka za utambuzi kule zinasoma saa, na karatasi zetu nyingi zinaonyesha alama tu. Mimi yangu ilichukua muda mrefu kwa sababu msajili aliyekuwepo wakati wangu alikwisha kustaafu.

Ujumbe wa 27. Fundi wa Gerezani

Naomba kuuliza kwa niaba ya vijana wangu: na cheti cha VETA nacho kinahitaji karatasi hiyo ya saa? Na kama kijana alisoma mwaka mmoja kisha akafanya kazi gereji miaka sita, ile miaka sita inahesabiwa mahali popote?